Bwawa ni la serikali, mtungi ni wangu. Tangi la katikati ni la nani?

#1 Mleta uzi, Kayole

Hamjambo nyote. Uzi huu ni mrefu, lakini jambo lenyewe limenikaa rohoni tangu kiangazi kilichopita, naomba mnivumilie.

Kwetu Kayole, mashariki mwa Nairobi, zamu ya maji ni Jumatano usiku. Mfereji huanza kwa kukohoa. Unasikia upepo ukipiga ndani ya bomba, saa sita hivi, halafu yanatoka maji ya rangi ya chai kwa dakika kadhaa kabla ya kutakata. Ukilala umekosa hadi wiki ijayo. Nina mitungi tisa ya lita ishirini: minne chini ya kitanda, mitatu nyuma ya mlango, miwili chini ya meza ya jiko, na chumba chenyewe ni futi kumi kwa kumi. Tisa mara ishirini ni lita 180. Tuko wanne. Gawanya kwa siku saba, kila mtu anapata lita sita na kidogo kwa siku, za kunywa, kupika, kuoga, kufua na choo. Hazifiki popote. Ikifika Jumamosi tunamngoja mwenye mkokoteni, na kiangazi akituuzia mtungi kwa shilingi 20 tunashukuru. Yuniti moja ya maji kwenye bili ni lita 1,000, yaani mitungi hamsini. Kwa hivyo mimi nalipa shilingi 1,000 kwa yuniti, na mwenye mfereji unaotoka kila siku analipa sehemu ndogo sana ya hizo.

Sasa sikilizeni. Mnakumbuka mvua za Aprili na Mei 2024. Mathare watu walisombwa usiku pamoja na nyumba zao, na bwawa la Ndakaini, linalolisha jiji, likajaa hadi likafurika. Wiki hiyohiyo nilikuwa kwenye foleni ya mitungi, nimejifunika karatasi ya nailoni kichwani, mvua inaninyeshea, nanunua maji. Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza swali ambalo sijaacha kujiuliza: tatizo la Nairobi ni maji, au ni pa kuyaweka?

Nimesoma nilichoweza kukipata. Bwawa la Ruiru lilimalizika 1950, linashika mita za ujazo milioni 3 hivi. Sasumua, kule Kinangop Kusini, ni la 1956, likaongezwa kimo miaka ya sitini, nalo linashika karibu milioni 16. Ndakaini likaja 1994, milioni 70, na ndilo hubeba zaidi ya asilimia 80 ya maji ya jiji. Sensa ya 1989 ilihesabu watu milioni 1.3 Nairobi. Ya 2019 ikahesabu milioni 4.4. Katika miaka hiyo thelathini, baada ya Ndakaini, jiji halikuongezewa bwawa hata moja. Karimenu II kule Gatundu Kaskazini limefunguliwa 2022, linashika milioni 26.5, lakini maji yake mengi ni ya Gatundu, Ruiru na Juja, Nairobi inapata sehemu tu.

Jumlisha yale matatu ya zamani: milioni 89. Jiji lilikuwa likipokea kama mita za ujazo 525,000 kwa siku. Mito ikikauka kabisa, ghala hilo lote linaisha kwa miezi mitano na nusu. Na tukipewa tunachohitaji hasa, ambacho kimepita 800,000 kwa siku, haifiki hata miezi minne. Ndiyo maana mvua za vuli zilipokosa 2016, Januari 2017 tayari tulikuwa kwenye mgao.

Lakini bwawa ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili ni hii niliyoiona kwa macho.

Chama chetu cha akina mama kumi na wawili tulichanga miezi kumi na minne tukanunua tangi la plastiki la lita 10,000, lile jeusi. Tukadhani kazi imekwisha. Kumbe tangi ndilo rahisi. Maji lita 10,000 ni tani kumi, na tani kumi zinataka mahali pa kukaa. Stendi ya chuma ikatugharimu kuliko tangi lenyewe. Na udongo wa huku ni ule mweusi, unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, ufa unaingia mkono mzima. Msimu wa pili mguu mmoja wa stendi ukazama. Asubuhi moja tulikuta tangi limeinama kama mtu anayechungulia dirishani, bomba la kutolea limeng'oka kwenye shina, na maji yote ya wiki yamekwenda mtaroni. Tunamshukuru Mungu hakuna mtoto aliyekuwa chini yake. Lile tope lilikuwa bado linang'aa tulipofika, na mmoja wetu akakaa chini akalia.

Nasema hivi, na nasema kwa moyo wangu wote: kuhifadhi maji ni kazi ya umma, na ilipiwe na fedha za umma kuanzia bwawani hadi mtaani. Leo serikali inajenga ghala huko milimani, kisha mlolongo unakatika, na ghala linalofuata ni mitungi yangu tisa. Hapo katikati palipaswa kuwa na matangi ya mtaa, ya saruji, yenye misingi iliyochimbwa na wahandisi. Nani wa kuyalipia? Tujadiliane.

#2 Fundi wa mabomba, Dandora

Dada, pole sana kwa hilo tangi. Niongezee upande wa kazi.

Maji ya Ndakaini yanashuka kupitia mahandaki ya chini ya ardhi hadi mto Chania, yanachukuliwa Mwagu, yanasafishwa Ng'ethu, yanaingia matangi makubwa ya Gigiri. Ya Sasumua na ya chemchemi za Kikuyu yanafika matangi ya Kabete. Kutoka huko kila kitu kinateremka chenyewe kuja mashariki, kwa sababu sisi tuko chini. Kwa hesabu ya mwinuko, Kayole na Dandora tungepata presha nzuri kuliko wote. Kila mita kumi za mteremko ni presha ya baa moja, kipimo chetu mafundi. Lakini tuko mwisho wa bomba. Kabla maji hayajafika yamepita mitaa yote ya juu, na kila ploti huko ina tangi chini ya ardhi na pampu inayovuta. Mchana wote wanajaza. Sisi tunapata usiku wa manane wao wakishajaza.

Kazi ya tangi la mtaa ni hii: linajaa usiku polepole, watu wakiwa wamelala, kisha asubuhi saa kumi na mbili kila mtu akifungua mfereji linatoa. Bomba kuu halihitaji kupanuliwa. Na bomba likikaa na maji muda wote, uchafu hauingii. Bomba tupu hunyonya. Palipo na ufa kando ya mtaro wa majitaka, presha ikishuka, kilicho nje kinaingia ndani. Yale maji ya rangi ya chai uliyoyasema si kutu peke yake.

Na ule upepo unaokohoa unazungusha mita. Watu wanalipia hewa. Nimeshuhudia mita ikikimbia hakuna hata tone.

#3 Mchangiaji, Donholm

Mimi sikatai maneno yenu, lakini nauliza kwa uchungu: mnataka kuwapa hela tena? Bwawa la Itare kule Kuresoi, mkandarasi wa Italia alifilisika 2018, mitambo ikaachwa porini. Bwawa la Kimwarer likafutwa 2019 baada ya kamati kusema bei yake ilikuwa juu mno. Tukaambiwa yatajengwa mabwawa mia moja. Mlipa ushuru anaendelea kulipa mikopo. Afadhali kila mtu na tangi lake, angalau nikilinunua naliona.

#4 Mleta uzi

Ndugu yangu wa Donholm, uchungu wako ni wangu. Lakini tazama hilo la "kila mtu na tangi lake". Wewe una paa. Kwetu ploti moja ina vyumba arobaini, na paa lina tangi moja ambalo mwenye ploti huliwekea kufuli. Mpangaji ataweka tangi wapi? Uhifadhi wa mtu mmoja mmoja ndio ghali kuliko wote: matangi elfu madogo yanakula plastiki, chuma, pampu na umeme kuliko tangi moja la saruji la kuhudumia watu haohao, na bado asiye na nafasi anabaki na mtungi. Hata sisi kumi na wawili, tulichanga kila mwezi, na msingi ukatushinda.

Kuhusu hela kupotea: wizi na uzembe tuukabili kama wizi na uzembe. Itare inanifundisha kwamba hela nyingi zisitoke kabla ya kazi kuonekana, na kwamba mradi mmoja mkubwa wa mkandarasi mmoja akianguka unaangukia kila mtu. Matangi ya mtaa ni kinyume cha hapo. Ni miradi midogo, inamalizika kwa miezi, na mwananchi anaweza kwenda kuhesabu mifuko ya saruji kwa macho. Bwawa la milimani siwezi kulikagua. Tangi la kona ya barabara yangu nitalikagua kila siku nikienda sokoni.

#5 Mchangiaji, Gatanga

Nawasoma kutoka upande wa pili wa bomba. Mimi ni wa Gatanga, na kutoka kwa mama yangu unaliona Ndakaini. Nimekulia pembeni ya maji hayo na bado tulikuwa tunateka mtoni kwa mtungi mgongoni. Mnapoongea habari za mabwawa zaidi, mjue kuna watu walioondoka kwenye mashamba ya chai na makaburi ya babu zao ili Nairobi inywe. Halafu likaja lile handaki la Northern Collector, kilomita 11.8, linalochukua maji ya mito ya Maragua, Gikigie na Irati. Lilifunguliwa 2022. Tuliambiwa litachukua maji ya mafuriko. Watu wa chini ya mto bado wana hofu kiangazi kikija, na hofu hiyo isipuuzwe.

#6 Mleta uzi

Mzee wangu wa Gatanga, asante sana. Umesema kitu ambacho sisi wa mjini hatukisemi. Mtu aliyetoa ardhi yake ajengewe mfereji wake kwanza, kabla bomba halijavuka kaunti. Gharama hiyo nayo iwe ndani ya bei ya bwawa, isiachwe kuwa ahadi ya mwanasiasa.

Na umenifumbua jambo jingine. Lile handaki linamwaga maji yake kuelekea Ndakaini. Maana yake tumeongeza mrija, lakini mtungi ni uleule wa milioni 70. Mvua kubwa ikija kama ya 2024, Ndakaini likishajaa, maji ya ziada yanapita tu. Handaki la kuchukua maji ya mafuriko lisilo na ghala jipya la kuyaweka!

#7 Mhasibu, Ruaka

Nimewahi kufanya kazi karibu na vitabu vya miradi ya maji, nieleze pesa zinavyokwenda, kwa sababu hapa ndipo mlolongo unapokatika.

Katiba, Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na ya kutosha. Jedwali la Nne linagawa kazi: uhandisi wa maji na usalama wa mabwawa ni wa serikali ya kitaifa, huduma ya maji na majitaka ni ya kaunti. Sheria ya Maji ya 2016 ikaunda Mamlaka ya Kitaifa ya Uvunaji na Uhifadhi wa Maji, na kifungu cha 8 kinataja uhifadhi miongoni mwa kazi za maji za kitaifa, zinazolipiwa kutoka fungu la serikali kuu. Kwa hivyo bwawa lina mwenyewe. Mabomba na bili vina mwenyewe, kampuni ya kaunti. Tangi la mtaa liko mpakani. Wakala wa kitaifa anaona ni usambazaji, kazi ya kaunti. Kaunti inaona ni ujenzi mkubwa, kazi ya wakala. Na kampuni inategemea bili, huku karibu nusu ya maji inayoyasukuma hayalipiwi, yanavuja au yanaibwa.

Halafu jinsi ya kukopa. Miradi mingi mikubwa ya maji hapa imejengwa kwa mikopo ya nje: Benki ya Dunia, Wafaransa, na Karimenu II ni mkopo wa China. Hazina inakopa, na mara nyingi sehemu ya mkopo inarudishwa kwa kampuni ya maji iulipe kutoka kwa bili. Sasa fikiria: bwawa linafanya kazi mbili. Moja inauzwa, ni maji yanayopita kwenye mita. Nyingine haiuziki. Bwawa linapunguza mafuriko chini ya mto, linaweka akiba ya miaka mibaya, linaacha mto utiririke kiangazi. Hakuna mita ya kupima hayo. Ukiyatia yote kwenye bili, bili inapanda, maskini anakatiwa, kampuni inakosa hela, na tangi la mtaa halijengwi kamwe.

Kuna mfano mmoja naupenda. Jimbo la California, Marekani, mwaka 2014 wananchi walipiga kura kukubali jimbo likope dola bilioni 7.5 kwa ajili ya maji, na bilioni 2.7 kati ya hizo zikatengwa kwa uhifadhi peke yake. Sharti likawa kwamba fedha za jimbo zilipie manufaa ya umma tu, kama kuzuia mafuriko, afya ya mito na akiba ya dharura, na kwa kawaida zisizidi nusu ya gharama ya mradi. Maji yanayouzwa yalipiwe na wanaoyanunua. Nao wamechelewa sana kujenga, nisiwadanganye, lakini mgawanyo wenyewe ni wa haki.

#8 Mchangiaji, Pipeline

Na visima je? Kwetu ploti karibu zote zinatumia kisima cha kuchimba. Si hilo ni ghala tayari, tena la bure chini ya ardhi?

#9 Fundi wa mabomba, Dandora

Si la bure ndugu. Kila mwaka tunashusha pampu chini zaidi kwa sababu maji yanarudi chini. Tunachota kuliko mvua inavyorudisha. Na maji ya chini ya Nairobi sehemu nyingi yana floraidi nyingi. Tazama meno ya watoto waliokulia kwenye maji ya kisima, yamekuwa ya kahawia. Kisima kiwe cha msaada, tena kichanganywe na maji ya mto ndani ya tangi. Tangi tena, unaona?

#10 Mchangiaji, Donholm

Nimerudi. Mhasibu amenigeuza kidogo, nakiri. Lakini mnieleze: huko milimani wakilima hadi kando ya mto, udongo wote unaingia bwawani. Tutajenga ghala la matope?

#11 Mchangiaji, Gatanga

Hilo ni kweli, na lina dawa. Tangu 2015 kuna mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi, unaowasaidia wakulima kuchimba matuta, kupanda nyasi za kuzuia udongo na kuchimba vidimbwi vya kuvuna maji ya mvua. Shamba la mama yangu lina matuta sasa. Mvua ikinyesha maji ya mtaro wake ni meupe, ya jirani ambaye hajachimba ni mekundu kama damu. Mkulima akihifadhi udongo wake anahifadhi maji yenu. Mlipeni kwa kazi hiyo, ni rahisi kuliko kufukua bwawa.

#12 Mleta uzi

Nimekesha nikisoma majibu. Sasa niseme ninachokwenda kufanya, anayetaka aungane nami.

Kila kaunti inatakiwa kupeleka mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba. Waraka wa mkakati wa fedha ni Februari 28, makadirio ya bajeti ni Aprili 30. Kabla ya hizo tarehe lazima wananchi wasikizwe. Nimewahi kwenda mara moja tu, tukakaa kwenye hema, tukaulizwa tunataka nini, kila mtu akataja barabara na taa. Sikutaja tangi. Sikujua kwamba tangi ni kitu cha kuomba.

Mwaka huu naenda na karatasi. Ninaomba tangi la saruji la mtaa kwa Kayole, lenye msingi unaofaa udongo mweusi, lijengwe kwa ruzuku na si kwa mkopo wa kubebeshwa bili yetu, na wadi itaje mstari wa bajeti wenye jina la tangi, si "miradi ya maji" kwa jumla. Jina la jumla hela zinayeyukia humo. Na serikali ya kitaifa iandike ni nani mwenye matangi ya katikati, yeye au kaunti, kwa sababu mpaka leo kila mmoja anamtazama mwenzake.

Fundi amenishauri kitu cha maana sana kwenye ujumbe: mtu akisimama pale aseme "hatuna maji", anajibiwa "tunajua". Akisimama na saa na tarehe, inabidi waandike. Kwa hivyo naomba kila mtu wa Eastlands, mitaa yetu ya mashariki, anayesoma hapa, kwa wiki nane, aandike siku na saa maji yalipoingia, saa yalipokatika, rangi yake, na bei ya mtungi siku hiyo. Daftari la mtoto linatosha. Leteni hapa kila Jumapili, mhasibu amekubali kujumlisha.

Yangu ya Jumatano hii: yaliingia saa saba kasoro robo usiku, ya chai kwa dakika tisa, yakakatika saa tisa na nusu. Nilijaza mitungi minane. Mtungi Ijumaa ulikuwa shilingi 20.

#13 Mchangiaji, Pipeline

Kisima chetu, pampu ilizimwa Jumanne na Alhamisi, stima zilipotea. Mtungi shilingi 25. Meno ya binti yangu nimeyatazama leo.

#14 Mchangiaji, Umoja

Nilikuwa nasoma tu bila kusema. Alhamisi, saa nane na dakika kumi usiku, yakakatika saa kumi. Rangi safi. Presha ndogo, ghorofa ya tatu hayakufika, nilishuka kuteka chini na mama wa nyumba namba saba, ana miaka sabini na kitu, nikambebea miwili. Nimeandika.